Mabuu wa nzi wa matunda "hawajifunzi", PI (alama ya kujifunza, 0 ni kutojifunza) inagota kwenye 0.03. Tunakosea wapi?

Uyole_Bailojia (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Tupo Mbeya, maabara ndogo ya kufundishia. Tunataka kulinganisha uwezo wa kujifunza wa mabuu wa kawaida (Canton-S) na wale wenye jeni ya rutabaga, inayohusika na kujifunza, iliyoharibika. Mashine ya shoti ya umeme kwa nzi wakubwa hatuna, kwa hiyo tumechagua njia ya mabuu: harufu mbili, sukari na sahani za petri.

Tulivyofanya: agarosi (unga wa kutengeneza jeli ya sahani) gramu 2 kwenye maji mililita 200, ikichemka tunamimina. Za sukari tunaongeza humohumo fruktosi gramu 72 ili tupate mola 2. Harufu ni amili asetati na oktanoli, zote bila kuzimuliwa, mikrolita 10 kila moja kwenye kifuniko kidogo. Mabuu 30, siku ya 5 tangu mayai. Dakika 5 harufu moja juu ya sukari, dakika 5 harufu ya pili juu ya agarosi tupu, mizunguko 3, halafu jaribio la dakika 3 kwenye sahani tupu yenye harufu mbili pande mbili.

Canton-S, kundi lililopewa amili asetati na sukari: 25 walikwenda upande wa amili, 2 oktanoli, 3 katikati. Kundi la pili, oktanoli ndiyo yenye sukari: 24 amili, 3 oktanoli, 3 katikati. PI ikatoka 0.03. Rutabaga 0.02. Je, tuandike kwamba jeni haina mchango kwa mabuu?

Mengine: asubuhi chumba kina nyuzi 16. Baadhi ya sahani plastiki yake inafifia kama yenye ukungu pale kifuniko kilipokaa. Na mabuu wengine wanachimba ndani ya agarosi badala ya kutambaa juu.

---

Gangilonga

Kamwene wakuu. Usiandike hivyo kabisa, mwalimu. Hao Canton-S wako wenyewe hawajaonyesha kujifunza, sasa rutabaga utamlinganisha na nini? Kipimo kinachompa mzima sifuri hakiwezi kumpima mgonjwa.

Tazama namba zako tena. Kundi la kwanza (25 kutoa 2) gawa kwa 30 ni 0.77. La pili (24 kutoa 3) gawa kwa 30 ni 0.70. Nusu ya tofauti yao ndiyo hiyo PI yako ya 0.03. Maana yake mabuu wote wanaikimbilia amili asetati, wamefundishwa wasifundishwe. Harufu yako ni kali mno, imegonga dari, na hakuna nafasi ya mafunzo kuonekana juu yake. Zimua amili asetati 1 kwa 50 kwenye mafuta ya parafini, oktanoli iache kama ilivyo. Kabla ya mafunzo yoyote, weka mabuu 30 wasiofundishwa katikati ya sahani yenye harufu zote mbili. Ukipata kati ya −0.2 na 0.2 umesawazisha. Ukizidi, ongeza au punguza mzimuo. Mafuta yawe ya parafini safi ya duka la dawa, yasiwe yale ya kupaka watoto: yametiwa manukato, na buu anayanusa vizuri kuliko wewe.

Ukungu kwenye sahani: amili asetati inayeyusha plastiki ya sahani za petri. Ikigusa, ile sehemu inafifia na kunata, harufu inabaki hapo na sahani inayofuata inaanza na upendeleo. Tumia vifuniko vya mirija midogo ya PCR, ile plastiki haiyeyuki. Toboa matundu matano hivi kwa pini ya moto ili harufu itoke na buu asiingie. Vifuniko vya amili viwe vya amili daima, vya oktanoli vya oktanoli. Ukivichanganya hata kwa siku moja, tupa.

Sukari nayo ina kosa la hesabu. Gramu 72 za fruktosi ndani ya mililita 200 hazibaki mililita 200. Sukari ina ujazo wake, utaishia na mililita 244 hivi. Kwa hiyo umepata mola 1.6, na agarosi imeshuka hadi 0.8%. Hapo ndipo uchimbaji unapoanzia, maana agarosi laini ni mwaliko wa kuchimba. Yeyusha gramu 2 kwenye maji mililita 150, ongeza fruktosi, koroga, kisha jaza maji ya moto hadi alama ya 200.

Fruktosi ikikushinda bei, sukari ya mezani inafanya kazi kwa mabuu. Mola 1 ni gramu 342 kwa lita ya mwisho. Chagua moja ubaki nayo, usichanganye data za sukari mbili.

---

NjombeBaridi

Gangilonga kagusa kemia, mimi niongelee baridi, ambayo huku Nyanda za Juu ndiyo inayoharibu kazi nyingi kimyakimya.

Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94. Agarosi inakuwa mvivu kuyeyuka hapo. Iloweke kwenye maji baridi dakika 10 kwanza, ndipo uchemshe, na uendelee mpaka ukiinua chupa kwenye mwanga huoni vijipunje vinavyong'aa kama mayai ya samaki. Vikibaki, sahani itakuwa ngumu huku na laini kule. Uji wa mahindi wa chakula chao nao uupe dakika za ziada, ukiwa mbichi unachacha siku ya tatu.

"Siku ya 5" kwenye maandiko ni siku ya 5 kwa nyuzi 25. Kwa nyuzi 18 ukuaji unachukua karibu mara mbili: kutoka yai hadi nzi mzima ni siku 10 kwa nyuzi 25, na siku 19 hivi kwa 18. Kama chumba chako ni 16 asubuhi na 23 mchana, siku ya 5 una mabuu wa hatua ya pili, wadogo, wanaotambaa kama wanasita. Ukichelewa mno unapata wa tatu waliokwisha kuacha chakula na kupanda ukuta wa chupa. Hao hawana haja na sukari tena, wanatafuta pa kugeuka pupa. Unaowataka ni wa hatua ya tatu ambao bado wamezama kwenye chakula. Usichukue hata mmoja aliye ukutani.

Inkubeta si lazima ununue. Boksi la kubebea vinywaji baridi, thermostati ya mashine ya kutotolesha vifaranga (weka 25, si 37.5 kama ya mayai!), balbu ya wati 25 iliyofunikwa kwa kopo jeusi ili joto litoke bila mwanga, na kifeni cha kompyuta cha kuzungusha hewa. Bila kifeni, juu utapata 28 na chini 21. Bakuli la maji ndani kwa unyevu. Umeme ukikatika, chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kitambaa zinasogeza saa tatu nne. Kipimajoto kiweke pale chupa za nzi zilipo, si pale balbu ilipo.

Na jaribio lenyewe fanya kwenye nyuzi 23 hadi 25. Buu wa nyuzi 16 haendi popote ndani ya dakika 3, unahesabu waliolala.

---

Kijinzi_X

Waliotangulia wameokoa Canton-S. Mimi naingia upande wa jeni, kwa sababu PI ikishapanda, swali la pili ni kama tofauti utakayoiona ni ya rutabaga kweli.

Rutabaga ni jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, molekuli ndogo ya kupeleka ishara ndani ya seli. Dunce, iliyopatikana mapema zaidi, mwaka 1976 katika maabara ya Seymour Benzer huko Caltech, ni ya kimeng'enya kinachoivunja cAMP hiyohiyo. Mmoja anakosa, mwingine anafurika, na wote wawili wanajifunza vibaya. Kiasi tu hakitoshi, panahitajika cAMP ipande mahali sahihi wakati sahihi. Harufu inaamsha seli chache za Kenyon kwenye ile sehemu ya ubongo yenye umbo la uyoga, kalsiamu inapanda humo. Sukari inaleta dopamini, kemikali ya ubongo inayobeba habari ya zawadi. Kimeng'enya cha rutabaga ni kama sanduku la VICOBA: mwenye ufunguo mmoja akija peke yake halifunguki vizuri. Kalsiamu na dopamini vikifika pamoja, cAMP inaruka, na ule muunganiko wa seli unabadilika. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba kwa nzi wakubwa, kuirudisha rutabaga nzima kwenye seli za Kenyon pekee kunatosha kurudisha kumbukumbu ya muda mfupi. Ndiyo maana tunasema jeni hiyo inafanya kazi hapo hasa, si mwili mzima.

(Hayo majina ya mboga, rutabaga, turnip, radish, cabbage, yalikuwa utani wa maabara ya wakati ule. Msitafute maana ya kibiolojia.)

Sasa tatizo. Chupa yako ya rutabaga na chupa yako ya Canton-S zimeishi mbalimbali kwa vizazi vingi. Zinatofautiana kwa mengi zaidi ya jeni moja. Ukizilinganisha moja kwa moja unapima ukoo, hupimi jeni. Bahati nzuri rutabaga ipo kwenye kromosomu X, na hilo linakupa njia rahisi:

Msalaba wa kwanza, jike wa rutabaga na dume wa Canton-S. Watoto wote wa kiume wanapata X ya mama, wote ni rutabaga. Msalaba wa pili, jike wa Canton-S na dume wa rutabaga. Watoto wa kiume wote wana X nzima. Kromosomu nyingine za makundi haya mawili ni nusu kwa nusu zilezile. Linganisha wana wa kiume wa msalaba wa kwanza na wana wa kiume wa msalaba wa pili. Zinabaki tofauti za Y, za mitokondria na za jeni nyingine zilizo kwenye X hiyohiyo, lakini umeondoa kelele kubwa.

Majike wa kuzalisha lazima wawe bikira. Safisha chupa asubuhi, toa nzi wote, kisha kusanya majike waliototoka ndani ya saa 8 kwa nyuzi 25, au ndani ya saa 16 kama chupa zilikaa kwenye 18. Hapa baridi ya Mbeya ni zawadi: acha chupa nje ya inkubeta usiku, asubuhi bado wengi ni bikira. Alama ni mwili mweupe, tumbo limevimba na doa la kijani-nyeusi linaloonekana kwa ndani. Wakae peke yao siku 3. Chakula chao kikitokea na mabuu, jike mmoja alishapandwa, tupa chupa yote.

Kuchambua mabuu dume na jike inawezekana. Mlaze buu wa hatua ya tatu kwenye tone la maji chini ya hadubini, mwanga utoke chini. Kwenye theluthi ya nyuma, ubavuni ndani ya mafuta, dume ana duara jeupe linalopitisha mwanga, kubwa na wazi. Jike analo dogo sana. Fanya haraka, dakika 5 kwa sahani, na usiwaweke kwenye barafu ili watulie. Ubaridi mkali wa dakika mbili baada ya mafunzo unafuta sehemu ya kumbukumbu kwa nzi wakubwa, hutaki kuingiza jambo hilo kwenye data yako.

Ukiagiza dunce badala ya rutabaga, jua kwamba majike wake wanazaa kwa shida. Wengi hukata tamaa wakidhani chakula ndicho kibaya. Na kwa aina yoyote utakayoagiza kutoka nje, anza na kibali cha kuingiza viumbe hai kabla ya kulipia chochote.

---

Uyole_Bailojia

Asanteni sana wakuu. Maswali mawili. Kwanza, kuna vijinzi tele kwenye ndizi mbivu za kutoka Tukuyu, je, tunaweza kuvitumia kama kundi la kawaida na kuokoa gharama? Pili, tukishapata tofauti, tunathibitishaje kwamba ni kujifunza na si pua?

---

Gangilonga

La kwanza: kwa kufundishia mbinu, ndiyo. Kwa kulinganisha na rutabaga, hapana, kwa sababu aliyoitoa Kijinzi. Halafu kwenye ndizi moja unaweza kuwa na spishi tatu. Wenye mistari myeupe ya fedha kutoka kichwani hadi mgongoni ni Zaprionus, watoe. Melanogaster (spishi ya nzi wetu wa maabara) na simulans majike wao wanafanana mno, utawajua kwa viungo vya uzazi vya madume, kwa hadubini. Anzisha kila chupa kutoka kwa jike mmoja, chunguza wanawe wa kiume, ndipo uipe jina. Na wakulima wakisikia "nzi wa matunda" watafikiria yule mkubwa anayetoboa maembe. Huyo ni ukoo mwingine, mweleze mtu mapema usije ukaletewa ndoo ya maembe yaliyooza. Ajabu ni kwamba ushahidi wa jeni unaonyesha melanogaster asili yake ni pande za Zambia na Zimbabwe, kwa hiyo huyu wa maabara za Marekani ni jirani yetu aliyepotea njia.

La pili ndilo la msingi. Kwa kila kundi, rutabaga na wa kawaida, pima vitu vitatu bila mafunzo: amili asetati dhidi ya kifuniko kitupu, oktanoli dhidi ya kifuniko kitupu, na sahani nusu agarosi tupu nusu agarosi ya sukari. Wote wakiwa sawa hapo, halafu PI ikatofautiana, ndipo useme kujifunza. Ongeza kundi moja zaidi: mabuu waliopitia kushikwa, kuhamishwa na harufu zilezile, lakini bila sukari popote. Purukushani ya brashi peke yake inaweza kubadili namna wanavyoifuata harufu.

---

NjombeBaridi

Nyongeza za mkononi, maana hapa ndipo PI inapovuja.

Brashi iwe laini, namba 0 au 1, na uwe nazo mbili: ya sahani za sukari na ya sahani tupu. Ukitumia moja unahamisha sukari kwenda upande ambao haukupaswa kuwa na zawadi, na unajifutia mafunzo mwenyewe. Kila uhamisho suuza kwenye maji yaliyochujwa, kausha kwenye karatasi. Mabuu nao wasuuzwe mara mbili kabla ya kuanza, chakula kilichobaki mgongoni ni sukari tosha.

Tone la maji linalobaki kwenye sahani ni mtego, buu anaogelea humo dakika zote 5. Lifyonze kwa ncha ya karatasi.

Mabuu wanakimbia mwanga. Dirisha likiwa upande mmoja, wote watakwenda upande wa pili na wewe utaandika "oktanoli". Geuza sahani nusu ya majaribio amili iwe kushoto, nusu iwe kulia, na funika meza kwa boksi.

Mtu mmoja aweke harufu na kuandika namba za siri, mwingine ahesabu bila kujua sukari ilikuwa na ipi. Mstari wa katikati upana sentimita 1 uchorwe chini ya sahani. Walio ndani yake unawahesabu kwenye jumla ya kugawia tu. Waliopanda kifuniko unawatoa kabisa, na unaandika idadi yao.

---

Kijinzi_X

Mfano wa hesabu mkiwa mmesawazisha: kundi la amili na sukari, 18 amili, 8 oktanoli, 4 katikati: 10 gawa kwa 30 ni 0.33. Kundi la oktanoli na sukari, 11 amili, 15 oktanoli, 4 katikati: −0.13. PI ni (0.33 kutoa −0.13) gawa kwa 2, yaani 0.23. Canton-S wakifundishwa vizuri mara 3 mtaona 0.2 hadi 0.4. Usitegemee 0.8, na rutabaga usitegemee sifuri kamili, mara nyingi hupungua tu.

Sampuli moja ni sahani mbili hizo, kundi na kinyume chake. Buu mmoja si sampuli, hata kama umehesabu 60. Anzeni na jozi 12 kwa kila kundi la jeni, na siku moja ifanye makundi yote, msije mkafanya Canton-S Jumatatu na rutabaga Alhamisi mvua ikinyesha.

Mkitaka baadaye kujaribu adhabu badala ya zawadi, tumieni chumvi ya kutosha, mola 1.5, lakini hapo jaribio la mwisho lifanyike juu ya sahani ya chumvi. Kwa sukari ni kinyume, jaribio kwenye agarosi tupu kama mnavyofanya sasa. Buu anatumia kumbukumbu kutafuta anachokosa au kukimbia kilichopo. Ukimweka kwenye sahani isiyo na chumvi hana cha kukimbia, na mtapata 0.03 nyingine.

---

Uyole_Bailojia

Nimeelewa. Kesho tunaanza na sahani ya kusawazisha harufu tu, mzimuo 1 kwa 20, 1 kwa 50 na 1 kwa 100, jozi 4 kila mmoja, kabla hatujagusa sukari. Boksi la vinywaji tunalo, thermostati inatafutwa sokoni Mwanjelwa.

---

NjombeBaridi

Thermostati ukiipata, iache boksi tupu usiku mzima na uandike joto kila saa mbili kabla hujaweka nzi. Zile za bei ya chini hukosea nyuzi mbili tatu, linganisha na kipimajoto cha zebaki.